Mlingoti ni wa Nani? Historia ya Minara ya Redio, kutoka Bukoba hadi Kansanga

SEHEMU YA HISTORIA
Hati hii imechapwa ili vikundi vya kusikiliza viweze kuisoma tena kwa sauti. Wasomaji wawili wanatosha.

[MUZIKI WA KUFUNGULIA, SEKUNDE 15, KISHA UNASHUKA]

MTANGAZAJI: Hamjambo ndugu wasikilizaji, popote mlipo: Nakivale, Kyangwali, Kyaka, Rwamwanja, Palabek, Bidi Bidi, Kakuma, Nyarugusu, na ninyi mliopanga vyumba mjini. Kila wiki tunakaa pamoja tukisikia habari za zamani ili tuelewe vizuri za leo. Leo tunazungumzia kitu mnachokiona kila siku bila kukitazama: mlingoti wa redio. Kaka, karibu utusomee.

MSOMAJI: Asante, dada. Hodi kwa wasikilizaji wote. Naomba tuanzie Kansanga.

Kansanga ni mtaa wa Kampala ulio kando ya barabara ya Ggaba, upande wa Makindye. Ukitoka mjini unapita Nsambya, unapita Kabalagala, ndipo unafika. Ukiifuata barabara hiyo mpaka mwisho, unatokea ziwani. Jirani yake kinasimama kilima cha Muyenga, ambacho watu wa Kampala hukiita Tank Hill kwa sababu ya matangi ya maji yaliyo juu yake. Wakimbizi wengi wa mjini wanaishi pande hizi: Wakongo, Waeritrea, Waethiopia, Wasomali, Wasudan Kusini.

Sasa simama pale Kansanga uinue macho. Juu ya mabati utaona antena za televisheni zilizokaa kama mifupa ya samaki. Utaona minara ya simu iliyopakwa rangi nyekundu na nyeupe. Pengine utaona waya mmoja mwembamba uliovutwa kutoka bomba la chuma hadi kwenye mti. Kila kimoja kiliwekwa na mtu aliyejiuliza swali la fundi: niweke mlingoti gani, wa urefu gani, nao utashikiliwa na nini?

Swali hilo ni zuri, na leo tutalijibu. Lakini historia yetu ya Afrika Mashariki inaonyesha kwamba mbele yake yapo maswali mengine mawili. Mlingoti huu utamfanya nani asikike? Na nani ataishi chini yake?

MTANGAZAJI: Hayo maswali mawili tuyashike, ndugu zangu. Tutayarudia mwishoni.

[MUZIKI MFUPI]

MSOMAJI: Neno lenyewe, mlingoti, limetoka baharini. Ni ule mti mrefu wa jahazi unaobeba tanga. Watu wa pwani walijua tangu zamani kwamba mlingoti hausimami kwa nguvu zake wenyewe. Unasimamishwa na kamba zinazouvuta huku na huku, na anayeichagua ile kamba ana kazi kubwa kuliko anayeuchagua mti. Wazee walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Basi ukiona mlingoti umesimama, ujue kuna aliyeufunga.

Redio ilipofika kwetu, ilikuja kwanza kama simu ya upepo: alama za nukta na mistari zilizosafiri bila waya. Wajerumani waliokuwa wakitawala Tanganyika walijenga vituo vyake kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Kimoja kilikuwa Dar es Salaam, kimoja Mwanza, na kimoja Bukoba. Bukoba iko ukingoni mwa ziwa lile lile linaloonekana pale Ggaba.

Uingereza iliingia vitani na Ujerumani tarehe 4 Agosti 1914. Siku nne tu baadaye, tarehe 8 Agosti, manowari ya Kiingereza iliyoitwa Astraea ilisimama mbele ya Dar es Salaam ikapiga mizinga. Ilichokuja kukitafuta ni kituo cha simu ya upepo. Waingereza walijua kwamba mlingoti ule unaweza kuzungumza na meli ya kivita ya Wajerumani, Königsberg, iliyokuwa baharini. Kwa hiyo miongoni mwa mizinga ya kwanza ya vita vile katika nchi zetu, kuna iliyopigwa kwa ajili ya mlingoti.

Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Bukoba. Tarehe 22 na 23 Juni 1915, askari wa Kiingereza walivuka ziwa kwa meli kutoka Kisumu, wakapigana na Wajerumani mjini na vilimani, na wakakiharibu kituo cha redio. Kisha mji ukaporwa. Watu wa Bukoba hawakuwa wameuomba mlingoti ule, wala hawakuwahi kutuma neno hata moja kupitia kwake. Ujumbe ulikuwa wa wenye nchi wapya, na hasara ikawa ya wenye nyumba. Hilo ndilo fundisho la kwanza la minara katika Maziwa Makuu, nasi tutaliona tena.

MTANGAZAJI: Kwa hiyo, kaka, wakati ule redio ilikuwa mali ya jeshi na serikali tu?

MSOMAJI: Kwa kiasi kikubwa, ndiyo. Lakini palikuwa na watu wengine pembeni, na habari yao inafurahisha.

Kote duniani walikuwapo watu waliotengeneza redio zao wenyewe nyumbani, wakazungumza wao kwa wao. Wanaitwa wanaredio wa ridhaa. Ni kama mpira wa ridhaa: mtu anacheza kwa kuupenda, halipwi. Vita vilipoanza, Uingereza iliwafungia, na Marekani ikafanya hivyo ilipoingia vitani. Vita vilipokwisha wakaruhusiwa kurudi, lakini kwa masharti.

Wakubwa wa redio waliamini kwamba mawimbi marefu ndiyo yanayofika mbali, na mawimbi marefu yanataka milingoti mirefu na mitambo mikubwa. Mawimbi mafupi, yale ya chini ya mita 200, waliyaona hayana faida. Wakawaachia watu wa ridhaa, kama mtu anavyomwachia jirani shamba la mawe.

Shamba la mawe likazaa. Novemba 1923, Léon Deloy akiwa mjini Nice, Ufaransa, alizungumza na Fred Schnell aliyekuwa Connecticut, Marekani, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki, kwa mawimbi ya kama mita 100. Tarehe 18 Oktoba 1924, Cecil Goyder, mwanafunzi wa miaka 18 katika shule ya Mill Hill, London, alizungumza na Frank Bell aliyekuwa kwenye shamba la kondoo New Zealand, karibu upande wa pili kabisa wa dunia. Hawakuwa na minara ya serikali. Siri ilikuwa angani. Juu sana kuna tabaka la hewa ambalo jua hulitia umeme. Mawimbi mafupi hugonga huko yakarudi ardhini, kama mpira unaogonga dari.

Mwaka 1925 wanaredio hao walikutana Paris wakaunda umoja wao wa kimataifa. Mwaka 1926 wataalamu wawili wa Japani, Hidetsugu Yagi na Shintaro Uda, wakatangaza antena yenye vijiti vilivyopangwa safu, inayokusanya nguvu upande mmoja. Hiyo ndiyo mifupa ya samaki mnayoiona juu ya mabati ya Kansanga hadi leo.

Uganda nayo ilipewa alama yake. Mwanaredio wa ridhaa wa Uganda kabla ya uhuru alitambulishwa kwa herufi VQ5. Baada ya uhuru wa 1962 alama ikawa 5X. Mtu anayesikika leo kutoka Kampala akianza na 5X, anayemsikia Japani au Brazili anajua mara moja: huyu yuko Uganda.

[MUZIKI MFUPI]

MTANGAZAJI: Tumeona mlingoti wa jeshi, tumeona waya wa mtu wa ridhaa. Sasa turudi Kampala.

MSOMAJI: Kampala ni mji wa vilima, na redio inapenda vilima. Idhaa ya Uganda ilianza 1954, wakati wa Waingereza. Televisheni ilifuata 1963. Mwishoni mwa 1993 zikaanza stesheni za kwanza za watu binafsi za FM, Sanyu na Capital, kisha zikaja nyingine nyingi. Ndiyo maana kilima kama Kololo kimejaa minara.

Mawimbi ya FM, kama yale ya redio za mkononi za walinzi na mashirika, hayagongi dari la anga yakarudi. Yanakwenda mbele karibu kama mwanga wa tochi. Yakikutana na mgongo wa dunia au kilima, yanakwama. Kwa hiyo hapo urefu una maana, ila unadai bei kubwa. Antena iliyo mita 9 juu ya ardhi tambarare inaona upeo wa kama kilomita 12. Ukitaka kilomita 24 au 25, hutahitaji mita 18. Utahitaji mita 36. Umbali ukizidi mara mbili, urefu unazidi mara nne. Kilima unakipata bure, na ndiyo sababu kila mtu anakikimbilia.

Na aliye juu ya kilima anasikika kuliko wote. Tarehe 25 Januari 1971, Waganda walisikia kwenye Radio Uganda askari aitwaye Wilfred Aswa akisoma sababu 18 za kumpindua Milton Obote. Idi Amin akaingia. Tarehe 11 Aprili 1979, kwenye redio hiyo hiyo, David Oyite-Ojok akatangaza kwamba Kampala imeanguka na Amin ameondolewa. Kila mara mwenye bunduki alikwenda kwanza kwenye redio. Na kila mara, watu waliosikia sauti mpya walianza kufunga mizigo: wengine kurudi nyumbani, wengine kukimbia.

MTANGAZAJI: Wasikilizaji wetu wengi wanakumbuka redio nyingine pia, kaka. Ya Kigali.

MSOMAJI: Ni kweli, dada, na hatuwezi kuiruka. Stesheni ya RTLM ilianza kurusha matangazo Kigali Julai 1993. Mwaka 1994 ilitumika kuwachochea watu wawaue Watutsi na wote waliopinga mauaji. Mwaka 2003 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani wakuu wa stesheni hiyo. Chuma cha mlingoti hakichagui maneno. Wanaochagua ni watu, na watu hao wanawajibika.

Lakini mwaka huo huo ilizaliwa milingoti ya aina nyingine. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu kama 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara, Tanzania, ndani ya saa 24. Julai wengine wengi zaidi wakaingia Goma. Mama alikuwa upande mmoja wa umati, mtoto upande mwingine. Hakukuwa na simu ya mkononi.

Agosti 1994, Bukavu, ikaanza Radio Agatashya. Jina hilo kwa Kinyarwanda ni la ndege mbayuwayu. Ilitangaza habari za maji, za chanjo, za chakula, na habari za kweli katika wakati wa uvumi. Mwaka 1995, Ngara, ikaanza Radio Kwizera, yaani redio ya tumaini, iliyoanzishwa na shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi. Na BBC ikaanzisha matangazo yaliyokuja kuitwa Gahuzamiryango, maana yake kinachokutanisha familia. Yalisoma majina. Fulani, mwana wa fulani, wa kilima fulani, anamtafuta mama yake.

Agatashya ilinyamaza mwishoni mwa Oktoba 1996, vita vilipofika Bukavu. Kama Bukoba, mwaka 1915. Watu walipoteza chombo walichokihitaji kuliko wakati wowote, siku ile ile walipokihitaji.

[MUZIKI MFUPI]

MTANGAZAJI: Kaka, wasikilizaji wetu kutoka Kongo watasema: mbona hujataja foni?

MSOMAJI: Nilikuwa naifikia, dada! Foni ndiyo jibu la swali letu la fundi.

Katika mashariki ya Kongo, kabla ya simu za mkononi, na hata baadaye kule ambako minara ya simu haijafika, kulikuwa na foni: redio ya mawimbi mafupi kwenye parokia, kwenye kituo cha afya, kwa mfanyabiashara wa dhahabu. Ulikwenda, ukapanga mstari, ukaita Bukavu kutoka Shabunda. Kila mtu chumbani alisikia habari zako: nani amezaa, nani amefariki, mchele umepanda bei. Hakukuwa na siri, lakini ujumbe ulifika, kupita msitu ambao gari halipiti.

Je, foni ile ilikuwa na mnara mrefu? Hapana. Mara nyingi ilikuwa na waya uliofungwa kati ya miti miwili, au kati ya nguzo mbili. Na hapa wengi hukosea. Wanadhani siku zote mlingoti mrefu zaidi ni bora zaidi.

Fikiria tena ule mpira na dari. Ukisimama ukaurusha mpira moja kwa moja juu, unagonga dari na kuanguka karibu nawe. Ukiurusha kwa kuulaza, unagonga dari mbele na kuangukia mbali. Waya wa mawimbi mafupi ukiwa chini, hurusha nguvu nyingi kwenda juu moja kwa moja, nazo hurudi katika nchi iliyokuzunguka. Waya ukiwa juu sana, hulaza mawimbi, nayo huenda kuanguka Ulaya.

Sasa tuseme mtu wa Kansanga, mwenye kibali cha redio ya ridhaa, anachagua mlingoti wake. Atumie masafa ya megahezi 7. Wimbi lake lina urefu wa kama mita 42, na antena ya waya ni nusu yake, kama mita 20: mita 10 upande huu, mita 10 upande ule, katikati kebo ya kushuka kwenye redio. Akitaka kuzungumza na mwenzake mwenye kibali kule Nakivale, kama kilomita 220 kwa mstari ulionyooka, au upande wa Bidi Bidi, kama kilomita 370, mchana waya wa mita 8 juu ya ardhi utamtosha. Nguzo mbili za mkaratusi, kama zile za mafundi wa majengo, zinafanya kazi hiyo. Akitaka Ulaya kwa masafa hayo hayo, atahitaji mita 20 au zaidi. Na akipanda kwenye megahezi 14, wimbi ni fupi zaidi, kwa hiyo mita 10 au 11 zitamfikisha mbali.

Umeona? Fundi hawezi kukwambia urefu kabla hujamwambia nani unataka akusikie. Anayetaka jirani, waya mfupi wa bei nafuu unamfaa. Anayetaka dunia, ndiye anayelipa chuma.

MTANGAZAJI: Na yule anayetaka dunia, akanunua chuma, auweke vipi mlingoti wake?

MSOMAJI: Wanaredio hutofautisha mnara na mlingoti. Mnara ni ule wa vyuma vilivyounganishwa kama ngazi yenye pande tatu, uliosimikwa kwenye zege. Mlingoti ni bomba linalochomoza juu ya mnara likiwa limebeba antena. Mara nyingi linageuzwa na mota iliyo ndani ya mnara, na pale juu linapitia kwenye beringi.

Hilo bomba ndilo huvunjika. Kampala, mtu akitaka chuma huenda Katwe, kwa mafundi wa kuchomea. Kosa la kawaida ni kuchukua bomba la maji. Bomba la maji hupimwa kwa tundu lake la ndani, kwa sababu kazi yake ni kupitisha maji. Hakuna aliyeliahidi kwamba litapambana na upepo. Na upepo una hesabu yake, sawa na ile ya urefu: mwendo wake ukizidi mara mbili, nguvu yake juu ya antena inazidi mara nne. Tena antena iliyo mita 2 juu ya mnara inalikunja bomba mara mbili ya ile iliyo mita 1.

Kwa hiyo uliza chuma cha aina gani, na ukuta wake una unene gani. Bomba la chuma kigumu lenye kipenyo cha milimita 50 na ukuta wa milimita 5 au 6 ni kitu kingine kabisa na bomba jembamba linalofanana nalo kwa nje. Antena kubwa iwe karibu na kichwa cha mnara, ndogo iwe juu yake. Acha sehemu ya kutosha ya bomba ishuke ndani ya mnara, kama mita moja na nusu, ili lishikwe sehemu mbili. Usilitoboe tundu pale linapotokea juu ya mnara, maana pale ndipo upepo unapolikunja zaidi.

Na kama ni mlingoti mwepesi usio na mnara, rudi kwenye jahazi. Waya za kuuvuta ziwe pande tatu zilizogawanywa sawa, zifungwe ardhini mbali na shina, kama robo tatu ya urefu wake. Usizifunge kwenye paa, wala kwenye uzio wa jirani, wala kwenye mti unaoyumba. Kaa mbali na nyaya za umeme kwa angalau mara moja na nusu ya urefu wote, ili hata ukianguka usiziguse. Asipande mtu peke yake, wala bila mkanda, wala asisimame mtu chini. Jirani aambiwe kabla ya siku ya kusimika.

[SAUTI YA RADI KWA MBALI, KISHA MVUA]

MTANGAZAJI: Hii sauti, kaka, nadhani tunaijua wote.

MSOMAJI: Tunaijua, dada. Nchi zinazozunguka Ziwa Viktoria ni miongoni mwa zinazopigwa na radi nyingi sana duniani. Tarehe 28 Juni 2011, radi ilipiga shule ya msingi ya Runyanya, Kiryandongo, ikawaua wanafunzi 18 na mwalimu wao. Tarehe 2 Novemba 2024, huko Palabek, wakimbizi waliokuwa wamekusanyika kwa ibada walipigwa na radi. Watu 14 walifariki na wengine 34 wakajeruhiwa, wengi wao watoto. Familia zao zinatusikiliza leo. Poleni sana. Hatujawasahau.

Hapo hapakuwa na habari ya mnara wa redio. Ninataja kwa sababu anayesimamisha chuma kirefu kuliko vyote mtaani anaialika radi nyumbani kwa watu. Akiukubali mwaliko huo, aipe radi njia ya kushukia: waya mnene wa shaba kutoka kwenye mnara hadi kwenye vyuma vilivyopigiliwa chini sana, bila kona kali, na kebo za antena ziunganishwe ardhini kabla ya kuingia ndani. Mafundi huiita ethi. Mnara usio na ethi haujamalizika, hata kama redio inafanya kazi. Na wingu likianza kunguruma, kebo ichomolewe, watoto waondolewe chini ya mnara na chini ya miti, wakae ndani ya jengo imara au gari lililofungwa, hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho.

Kuna na kibali. Uganda, anayetoa kibali cha redio ya kurusha ni Tume ya Mawasiliano. Ndani ya makazi ya wakimbizi, hakuna mlingoti unaosimamishwa bila ofisi ya kambi kujua. Msione ni usumbufu tu. Sisi tuliokimbia vita tunajua kwamba mtu mwenye redio ya kurusha ambaye hana karatasi anaweza kuitwa jasusi kabla hajafungua mdomo. Karatasi ni sehemu ya ethi: nayo inakinga walio chini.

[MUZIKI UNAANZA TARATIBU]

MTANGAZAJI: Tulisema tutayarudia maswali mawili.

MSOMAJI: Naam. Bukoba mwaka 1915, jibu la kwanza lilikuwa: atasikika mtawala. La pili: wataishi chini yake watu ambao hakuna aliyewauliza. Ngara mwaka 1995, jibu la kwanza lilikuwa: atasikika mama anayemtafuta mtoto. Chuma kilikuwa chuma, mawimbi yalikuwa mawimbi. Tofauti ililetwa na mtu aliyekaa akauliza kabla ya kuchimba shimo.

Basi siku nyingine ukipita Kansanga, au ukiona hapo kambini bomba jipya limeegemezwa ukutani likisubiri kusimamishwa, usione haya kumwuliza mwenyewe. Utazungumza na nani? Waya za kuuvuta zitafungwa wapi? Ethi iko wapi? Aliyejiandaa atafurahi kukujibu. Asiyekuwa na jibu, umemsaidia.

MTANGAZAJI: Asante sana, kaka. Nanyi wasikilizaji, asanteni. Fungeni redio mkisikia ngurumo, muifungue tena mvua ikipita. Tutakuwa hapa.

[MUZIKI WA KUFUNGIA]

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Nani kati yenu aliwahi kutumia foni, au kusikia jina la ndugu yake likisomwa redioni? Mwacheni asimulie kwanza, wengine wasikilize.

2. Hapo mnapoishi, ni habari gani inayohitaji kufika karibu na haifiki? Je, inahitaji mlingoti mrefu, au njia fupi zaidi?

3. Tajeni vitu virefu vya chuma vilivyo karibu na shule, kanisa au msikiti wenu. Nani anajua kama vina ethi? Mchagueni mtu mmoja wa kwenda kuuliza, alete jibu wiki ijayo.